Mpinzani Anayefaa

*9 Januari*

Dada,

Salamu zako nimezipata, na za watoto. Mimi mzima, ukiacha ule mkono ambao haupo.

Unauliza kama ni kweli kwamba mimi, fundi majokofu wa darasa la saba, nimekaa nikatunga programu ya kompyuta inayocheza sataranji. Kweli. Miaka miwili, kwa kidole kimoja cha kushoto, herufi moja moja kama kuku anayedonoa. Mtu akipoteza mkono wa kulia ndani ya karakana yake mwenyewe inabidi atafute la kufanya, la sivyo atakaa mlangoni ahesabu nzi. Nzi nimewahesabu. Wamekwisha.

Programu nimeiita Mkono. Sasa nisaidie, maana hiyo digrii yako ya takwimu ilitoka kwenye majokofu yangu. Mwezi wa nane kuna mashindano ya programu za kujitengenezea, kila mtu na ya kwake, hakuna kununua wala kuiba. Nataka kujua Mkono unaweza nini kabla sijaupeleka mbele za watu. Nimeupambanisha na ile programu kubwa ambayo mabingwa hufanyia mazoezi. Michezo mia: sifuri. Nikautia kanuni ya kumlinda mfalme, nikarudia: sifuri. Nikaongeza nyingine: sifuri. Nikaona hapa nadhalilishwa bure. Nikatunga programu ya kijinga inayosogeza kete yoyote bila kuangalia. Mkono ukashinda michezo themanini na saba, na kumi na mitatu ikaisha sare kwa sababu ulikuwa na kila kitu ubaoni isipokuwa akili ya kumaliza.

Kwa hiyo nimejua nini? Nambie wewe uliyesoma.

Kaka yako

---

*17 Januari*

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa nzi na hongera kwa Mkono. Nimecheka peke yangu ofisini hadi wenzangu wakanitazama.

Jibu lako ni hili: hujajua kitu. Ukimpambanisha kifaranga na mwewe mara mia, unachojifunza ni kwamba mwewe hula vifaranga. Kifaranga chako kinaweza kuwa kimeota manyoya, kimejua kukimbia, kimekuwa jogoo kabisa, lakini mwewe hatakwambia, kwake vyote ni mboga. Na ukikipambanisha na funza, ni yaleyale kwa upande wa pili. Sifuri haina habari na mia haina habari. Habari iko katikati.

Utafutie Mkono mpinzani anayeupiga leo na kupigwa nao kesho. Wakiwa karibu sawa, ukibadilisha hata kitu kidogo utaona mizani ikiinama. Na huyo mpinzani asibadilike, maana ukipima kwa futi inayorefuka juani, ulichopima ni jua. Usiupime kwa Mkono wa mwaka jana, hao wana upofu mmoja, watasifiana tu. Zipo programu kubwa zilizopunguzwa nguvu, na zipo za wanaoanza kama wewe. Chukua nyingi, usitegemee moja. Na michezo iwe mingi. Kumi ni uvumi.

La pili, usinikasirikie. Kitinda. Mwaka wa nne huu hujamwandikia mdogo wetu hata mstari. Najua ni sigara yake iliyolipua mtungi wa gesi. Najua ilimchukua Mchomeleaji, mwenzako wa karakana, na mkono wako. Lakini bodi ya kupitia vifungo inakaa tarehe 14 Juni, na ombi lake la kutoka mapema haliendi popote bila barua yako wewe uliyeumizwa, kusema huna pingamizi. Yangu nimeshaandika. Wamesema ya kwangu ni karatasi tu.

Mdogo wako, Dada

---

*2 Februari*

Dada,

Ushauri wa mwewe nimeukubali, ule mwingine nimeuweka kando.

Hizo programu zilizopunguzwa nguvu nimezijaribu. Zinanichefua. Ni bingwa anayejifanya mlevi: anacheza hatua kumi kama malaika, ya kumi na moja anakutupia malkia miguuni. Binadamu hakosei hivyo. Hata mjinga hakosei hivyo. Ukijifunza kumshinda mlevi wa uongo umejifunza kuokota. Na za wanaoanza wenzangu, hao ndio nitakaokutana nao mwezi wa nane. Niwaonyeshe ngumi yangu kabla ya siku yenyewe? Sikujenga karakana kwa ujinga huo.

Nimepata mtu. Mtu hai, kiwango cha kati, anakosea makosa ya kweli. Hana kompyuta wala vitabu, na hana haraka. Yupo palepale asubuhi na jioni. Kwa hesabu zangu nitapata michezo ishirini kila wiki saba. Humjui.

Kaka yako

---

*2 Februari*

Kitinda,

Sikukuandikia miaka yote hii, na ya nyuma sitayaanza leo. Nataka tucheze sataranji.

Nimezungumza na afisa ustawi wa huko gerezani. Kila asubuhi ya kazi nitamtumia kwa simu hatua zangu, mbao ishirini kwa pamoja, hatua moja kwa kila ubao. Atakuandikia kwenye karatasi. Jioni atanitumia za kwako. Kumi unaanza wewe, kumi naanza mimi.

Cheza uwezavyo. Usinipendelee.

Kaka

---

*11 Februari*

Kaka,

Shikamoo! Na shikamoo nyingine za miaka yote hiyo, zipokee kwa mkupuo.

Afisa aliponiambia nina barua ya kaka yangu nilimjibu kwamba amekosea mfungwa. Akanionyesha mwandiko. Umeinama upande wa pili siku hizi, kwa sababu ya kushoto, lakini ile herufi ya K inayofanana na mtu anayepiga teke ni yako. Nilikaa chini.

Mbao ishirini! Wewe mtu una wazimu na nakushukuru. Nimezichora kwenye maboksi ya sabuni, kete nimekata za karatasi ngumu, wafalme nimewashonea vifungo vya mashati maana huku nashona sare. Mwenzangu wa chumba tunamwita Jaji kwa kuwa huhukumu kila kitu, hata chumvi. Amenuna. Anasema pa kuweka miguu hakuna. Nikamwambia, "Jaji, hapa sasa ni uwanja, mashabiki hukaa pembeni." Akasema, "Na mchezaji mwenyewe ndiye huyu?" Lakini jana nilimkuta ameinama kwenye ubao wa kumi na nne ananung'unika kwamba askofu wako amekaa vibaya.

Ulinifundisha mwenyewe kwa nati na vizibo vya chupa. Nilipofika miaka kumi na miwili ukaacha kunishinda, ukaanza kusema una kazi nyingi. Tutaona kama kazi zimepungua.

Ya mkono wako na ya marehemu sitayaandika leo kwa sababu umesema tusiyaanze. Ujue tu kwamba mimi huyaanza kila siku.

Nimeweka kejeli ndogo chini ya hatua zangu. Usikasirike, ni ya ubao wa tatu. Farasi wako amepotea njia kama mgeni harusini.

Mdogo wako, Kitinda

---

*30 Machi*

Dada,

Raundi ya kwanza imekwisha. Michezo ishirini: Mkono umeshinda sita, sare nne, umefungwa kumi. Alama nane kati ya ishirini! Hukusema karibu sawa? Hiyo ndiyo karibu sawa. Nimepata mtu kama aliyekatwa kwa kipimo cha Mkono.

Kuna fundi stashahada mmoja wa mashine za maji, naye ataleta programu yake kwenye mashindano. Alinikuta dukani akaniuliza, "Na wewe fundi friji umo?" Nimo. Atajua.

Kaka yako

---

*10 Aprili*

Kaka,

Shikamoo. Leo naandika taratibu, Jaji yuko kazini.

Raundi ya pili, ubao wa tano. Nilikosea. Nilimweka malkia wangu mbele ya askari wako wa pembeni kabisa, mahali ambapo hata mtoto angemla. Nilipompa afisa karatasi ndipo nikaona. Usiku huo sikupata usingizi, si kwa ajili ya malkia, kwa aibu. Nikasema kesho Kaka atanicheka.

Kesho yake hukumla. Ukasogeza ngome. Nikadhani hukuona. Nikamwacha palepale siku ya pili nione. Hukumla. Siku ya tatu hukumla.

Kaka, wewe hujawahi kukosa kuona kitu kama hicho. Wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia askari kabla ya wakubwa. Nimekaa na huo ubao siku tatu, nikaelewa. Kuna watu hawawezi kutamka neno fulani, mdomo hautaki. Wanalisema kwa njia nyingine. Nimelisikia. Sitakulazimisha uliseme.

Nilimwondoa malkia mwenyewe siku ya nne, kwa heshima.

Dada aliniambia kuhusu barua ya bodi, tarehe 14 Juni. Sikutaka kuitaja. Lakini baada ya ubao wa tano nimepata ujasiri wa kuitaja mara moja, na sitaitaja tena. Ukiweza.

Mdogo wako, Kitinda

---

*18 Aprili*

Kitinda,

Nafurahi umeona. Nieleze vizuri: askari wa pembeni upande wa kulia tu, au na wa kushoto pia umewahi kumwona akiacha kula? Kwenye ubao gani, hatua ya ngapi? Pitia na michezo ya raundi ya kwanza. Ukikumbuka popote nilipokuachia kitu kama hicho, niandikie chote.

Hilo la barua nitalifikiria. Tucheze kwanza.

Kaka

---

*18 Aprili*

Dada,

Nimepata dhahabu. Mpinzani wangu ameniandikia mwenyewe kunionyesha kosa la Mkono! Programu ilikuwa haiwaoni askari wa pembeni wakila. Nilikosea kuhesabu mwisho wa ubao, mstari mmoja tu wa maelekezo. Nisingeugundua hata kwa mwaka. Naye kanieleza kwa upole utadhani ananipa mkono wa pole. Nimerekebisha leo asubuhi kabla ya kutuma hatua.

Kaka yako

---

*20 Mei*

Kaka,

Shikamoo. Nimepokea hatua za leo, na raundi ya pili naona unaifunga vizuri. Umenizidi. Nakubali kwa mdomo wangu. Tangu mwezi uliopita umekuwa mtu mwingine, sijui unakula nini.

Jaji haelewi. Juzi alisimama kwenye ubao wa tisa akaanza kupiga kelele: "Wewe, hiyo ngome unaiacha pale ya nini? Unaona inaliwa! Mtu anajiuza hivi hivi?" Nikamwambia kila mtu na ubao wake. Akasema, "Jana ulimwacha askofu, leo ngome, kesho utampelekea mfalme kwenye sahani." Nikamwambia kuna watu ni raha kuwaona wanashinda. Akanitazama kama vile nimekuwa mgonjwa.

Nakukumbuka ulivyokuwa ukishinda zamani, unavyogonga kete mezani halafu unajifanya hukufurahi. Najua sasa unagonga kwa kushoto. Natamani nisikie.

Ulisema utafikiria. Mimi nakungoja tu, sikusukumi.

Mdogo wako, Kitinda

---

*25 Mei*

Dada,

Keti chini kabla hujasoma. Raundi ya pili: Mkono alama kumi na saba kati ya ishirini. Kumi na saba! Kutoka nane. Kosa moja la askari wa pembeni lilikuwa limeushika Mkono shingo, na nilipoliondoa ukapumua. Nimeshajiandikisha mashindanoni rasmi, nimelipa na kiingilio, na yule wa mashine za maji nimemwambia ajiandae.

Kaka yako

---

*30 Mei*

Kaka,

Shikamoo. Nilikaa chini kama ulivyosema, na bado sijasimama.

Kwanza, ulibadilisha programu katikati ya raundi. Hiyo ni kumpima mtu uzito huku anavua viatu. Lakini tuiache. Kubwa ni hili: askari wa pembeni wanaokula malkia ni tukio la mara chache. Kosa hilo likirekebishwa utapanda alama moja, mbili ukiwa na bahati. Halizai alama tisa, hata ulitie mbolea. Kwa hiyo kama Mkono haukuruka, aliyeshuka ni yule mwingine. Futi yako imerefuka.

Huyo mtu ni nani, Kaka? Anaumwa? Amechoka? Kuna kitu anakitaka kwako? Mtu hai ana sababu zake, programu hazina. Ndiyo maana nilikwambia uchukue programu, tena nyingi.

Na barua ya bodi? Zimebaki wiki mbili.

Mdogo wako, Dada

---

*4 Juni*

Dada,

Umeuliza, nakujibu. Ni Kitinda.

Usianze kupiga yowe. Fikiria kama mtu wa hesabu. Ulitaka asiyebadilika: anaamka saa ileile, anakula kilekile, anashona sare zilezile. Ulitaka asiye na kompyuta wala vitabu. Ulitaka michezo mingi: ana muda kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kiwango chake nakijua tangu utoto. Wewe ulinipa vigezo na mimi nikatafuta mtu. Hajui kama anacheza na programu, na hana haja ya kujua. Ninamdai mkono, yeye analipa hatua ishirini kwa siku. Hilo nalo ni ghali?

Habari ya kushuka ni wivu wa wasomi. Fundi akipanda, lazima mtu mwingine awe ameshuka.

Barua ya bodi nitaiandika baada ya mashindano. Akitoka Juni, raundi zilizobaki nacheza na nani? Bodi itakaa tena Desemba, haihami. Mimi nimekaa mwaka wangu wa tano bila mkono na hakuna bodi iliyokaa kwa ajili yangu. Mchomeleaji naye hana bodi.

Na ukimwambia lolote, hiyo barua haitaandikwa Desemba wala kamwe. Unanijua.

Kaka

---

*8 Juni*

Kaka,

Nakujua. Kwa hiyo sitamwambia.

Nilikufundisha namna ya kuchagua mpinzani na wewe ukamchagua huyo. Usiniulize tena kitu chochote cha hesabu.

Dada

---

*29 Juni*

Kaka,

Shikamoo. Bodi ilikaa. Waliniita, nikavaa shati lililopigwa pasi, Jaji alinikopesha soksi. Mwenyekiti alisoma jalada, akasema tabia njema, kazi nzuri, akapindua karatasi, akapindua tena, akasema, "Barua ya aliyeumizwa haimo." Wakaahirisha hadi Desemba.

Nimejua mara moja kwamba imepotea njiani. Posta za siku hizi ukituma ng'ombe unapokea mkia. Usijilaumu kabisa. Nasema hivi kwa sababu najua utakaa ukijilaumu, ulivyo. Miezi sita si kitu. Nimekaa zaidi ya hiyo nikingoja mwandiko wako na ulikuja.

Ukiandika nyingine mpe afisa ustawi mkononi. Raundi ya tatu naona unaelekea kushinda mbao zote. Jaji amekataa kuangalia tena, anasema anaumwa tumbo.

Mdogo wako, Kitinda

---

*26 Agosti*

Kitinda,

Kuna mashindano niliyoyaingia mwezi huu. Hukuyajua. Sasa utayajua.

Hukucheza nami hata mara moja, hata hatua moja. Tangu Februari umekuwa ukicheza na programu ya kompyuta niliyoitunga mimi. Inaitwa Mkono, kwa kuwa ule wa nyama uliuchoma wewe. Asubuhi nilikuwa nachapa hatua zako huku nakunywa chai, programu inajibu, natuma. Kejeli zako za chini ya karatasi sikuzisoma. Malkia wa ubao wa tano hakuachiwa na mtu. Programu ilikuwa haimwoni askari wa pembeni. Ulinionyesha kosa, nikalirekebisha.

Tulikuwa programu kumi, kila moja ikacheza na wenzake tisa. Nimepata nusu alama. Hiyo nusu ni sare na programu ya mpiga chapa mmoja iliyokwama katikati ya mchezo, wasimamizi wakatugawia. Mbele za watu wote yule wa mashine za maji akaniuliza, "Fundi, hiyo uliipimia wapi, kwa watoto wa chekechea?" Nikajibu kwamba katika raundi ya pili na ya tatu nimepata alama thelathini na saba kati ya arobaini. Ukumbi mzima ukacheka. Mwanamke mmoja akanishika bega, hili la upande wa kulia, akasema pole. Ningependa angenipiga.

Nimerudi, nimepitia michezo yetu hatua kwa hatua. Uliacha ngome. Uliacha farasi na njia tatu za kumwokoa. Raundi ya tatu, ubao wa kumi na mbili, ulikuwa na ushindi wa hatua mbili ukasogeza askari. Ulikuwa unaniachia! Nani alikuomba? Barua yangu ya kwanza ilikwambia usinipendelee. Maisha yako yote hujawahi kufanya kitu kimoja kama ulivyoambiwa. Nilikwambia, "Usivute sigara humu ndani." Ukavuta. Umeichoma karakana yangu, sasa umekichoma na hiki.

Barua ya bodi haikupotea. Sikuiandika. Nilikuhitaji hapo ulipo.

Sasa sikiliza, kwa maana mimi bado ni mtu wa kazi. Mashindano yapo na mwakani. Bodi inakaa Desemba. Nipe michezo arobaini ya haki kabla ya hapo, bila huruma yako, nami nitaandika kwamba sina pingamizi. Ukiniachia hata askari mmoja nitajua, na nitaandika kinyume. Hatua za kwanza anazo afisa.

Kaka

---

*9 Septemba*

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta mahali ulipoandika kwamba ni utani. Mara ya pili niliisoma kama ulivyoiandika.

Ya mkono wako na ya Mchomeleaji sina neno. Niliyafanya mimi, nayabeba mimi. Ile sigara hakuna aliyeniwashia.

Lakini hesabu yako ina kosa, na nashangaa wewe hukuliona. Raundi ya kwanza nilicheza kweli, nawe ukapata haki yako. Halafu ukaandika, "Nitalifikiria. Tucheze kwanza." Kuanzia siku ile sikuwa nacheza, nilikuwa naomba. Mtu anayekuomba hawezi kukushinda, Kaka. Anakuachia ngome, anakuachia askofu, anacheka ukicheka. Ungeweka mbao elfu moja, zote zingekuwa magoti.

Sasa umeniletea sharti jingine: arobaini za haki, kisha barua. Hebu fikiri. Nikikupiga sana utanuna na barua itachelewa. Nikikuachia utagundua na utaandika kinyume. Kwa hiyo kila asubuhi nitakuwa napima, nimpige kiasi gani leo ili asikasirike. Hiyo ndiyo haki unayoitaka? Utarudi mwakani na nusu alama yako ileile.

Mpinzani anayefaa ni yule asiyetaka kitu kutoka kwako.

Jana nilikwenda kwa afisa ustawi nikaomba karatasi. Nimewaandikia bodi kwamba nimeondoa ombi langu, la Desemba na mengine yote. Afisa alinisihi nilale nalo kwanza. Jaji alinitukana mpaka matusi yakamwishia, akaanza kunitukana kwa yale aliyokwisha kuyatumia. Nikatia sahihi. Nina miaka miwili na miezi mitano. Nitaimaliza yote, na hakuna mwandiko wa mtu utakaoipunguza hata kwa siku moja. Usisumbuke kutafuta kalamu.

Sasa ninafaa.

Hatua zako za kwanza nimezirudisha. Safari hii kete nyeupe ni zangu, naanza mimi mbao zote ishirini. Uache huo Mkono ulivyo, usiutengeneze, na ukae mwenyewe uchape kila hatua nitakayoutandika nayo. Utapata arobaini zako. Ukitaka mia zipo, ukitaka mia mbili zipo. Kati ya kila kumi labda utashinda moja. Iandike kwa wino, maana hiyo hakuna aliyekupa.

Hatua zangu atakutumia afisa kesho asubuhi.

Mpinzani